Baada ya Salamu

Mimi sina subira na kitu kisichonijibu. Mtu akinikera humwambia, naye hunijibu, tukarushiana maneno mpaka tukacheka. Kompyuta ya zahanati hainijibu, na ndiyo maana siku zile majirani walikuwa wakinisikia nikizozana peke yangu dirishani, wakauliza kama nina mgeni. Nilikuwa na mgeni kweli, ila hakuwa mtu.

Kazi yangu pale ilikuwa kusoma ujumbe. Zahanati yetu ya Amu, yaani mji wa Lamu, ina wagonjwa wa sukari na presha waliotawanyika visiwani, tangu hapa mtaani hadi Kipungani na Faza, na wengi wao hawawezi kupanda boti kila mara ili tu waulizwe wameamkaje. Basi tulikubaliana kwamba kila asubuhi mgonjwa, au yule anayemtazama, atatuandikia kwa simu. Mimi nisome, nimwambie sista, muuguzi wetu, nani apigiwe, nani apelekewe dawa, nani aletwe. Mwanzoni ilikuwa raha. Kisha habari ikaenea, wagonjwa wakazidi, na ujumbe ukawa unaingia tangu alfajiri. Na ujumbe wa watu wetu si mfupi. Mtu hawezi kukuandikia kwamba dawa zimemwisha kabla hajakuuliza hali yako, hali ya wanao, na hali ya jirani yako aliyewahi kumwona mara moja harusini. Adhuhuri ilikuwa inaadhiniwa sijafika nusu, na macho yananitoka machozi.

Miongoni mwa wagonjwa hao alikuwamo somo yangu. Kwa asiyekulia pwani, somo ni mwanamke anayekabidhiwa binti anapovunja ungo, na tena anapoolewa, amfunze yale ambayo mama mzazi huona haya kuyasema. Wangu alinifunza yote hayo na mengine: namna ya kuketi, namna ya kupokea mgeni, namna ya kuuzuia ulimi wangu, ingawa hilo la mwisho halikushika. Alipofiwa na mumewe alirudi kwao Kipungani, akawa anasuka mikeka na wanawake wenzake. Sukari ilimwingia uzeeni, na mimi ndiye niliyemwandikisha zahanati, tena kwa nguvu, maana yeye mwenyewe hakuona ugonjwa wowote. Nampenda kuliko ninavyoweza kumwambia.

Kuna jambo moja alilokuwa akinirudia tangu nikiwa mwali, mpaka likaniingia mifupani.

“Ukiulizwa hali, mwanangu, mshukuru Mungu kwanda,” alikuwa akisema. “Shida ina zamu yake.”

Sista wetu ni mtu wa bara, Mkristo, mwenye moyo mkubwa na kicheko kikubwa zaidi. Ndiye aliyekuja na wazo, siku aliyonikuta nimeinamia simu huku nikijipangusa macho kwa ukingo wa buibui.

“Mama, mbona unajiua?” akaniambia. “Siku hizi kuna ajenti wa AI. Unamwachia hizi meseji zote, anakupangia kila kitu. Wewe unabaki tu kukunywa chai.”

Nyumbani waliposikia kwamba tunapata ajenti walidhani ni wa kutolea pesa za simu. Nikawaeleza kama nilivyoelezwa. Ajenti huyu ni programu ya akili bandia inayopewa kazi ikaifanya: hupokea ujumbe, huamua, humwandikia mtu. Lakini ukimmwagia maneno mabichi kama yalivyo huchanganyikiwa, kwa hiyo huunganishwa na huduma nyingine iliyoko mtandaoni, ambayo kazi yake ni kuchambua maandishi. Unaipa ujumbe mzima, inakurudishia vipande unavyovitaka: nani, yuko wapi, hali yake ikoje, anaomba nini. Yaliyobaki inayaweka kando. Ni kama kuchambua mchele, punje huku na chuya kule. Ajenti naye akishapokea vipande hivyo humpa kila mgonjwa rangi. Nyekundu apigiwe sasa hivi, manjano atazamwe leo, kijani aachwe apumzike.

Kuviunganisha vitu hivyo viwili kuliniangukia mimi, kwa sababu sista ana sindano za kudunga. Ajenti alipaswa kupiga hodi kwa ile huduma akiwa na ufunguo, nao ufunguo wenyewe si wa chuma, ni msururu wa herufi na tarakimu usiosomeka, ambao unaunakili hapa na kuubandika pale. Nikaunakili, nikaubandika. Huduma ikakataa. Nikarudia, ikakataa tena, na kila ikikataa ilinipa maneno yaleyale ya upole kwamba hainitambui. Nilipandwa na hasira nikaiambia kompyuta mambo ambayo somo angeniziba mdomo kwa kiganja. Sista akaja kutazama, akasema labda ni mtandao. Haukuwa mtandao. Nilipokwisha kukasirika niliketi nikatazama vizuri, nikaona kwamba nyuma ya herufi ya mwisho pana nafasi tupu, nimeinakili pamoja na ufunguo bila kujua. Nikaifuta. Ajenti akapiga hodi, akakaribishwa, vipande vikaanza kurudi. Nilipiga kigelegele ofisini. Ukiona vyaelea, vimeundwa, nikamwambia sista, na leo aliyeunda ni mimi. Akaenda kuninunulia mahamri.

Ikabaki kuifundisha ile huduma ipi ni punje na ipi ni chuya. Hilo hufanywa kwa mifano. Unachukua ujumbe wa zamani, unapaka rangi juu ya maneno: hili ndilo jina, hiki ndicho kijiji, hili ndilo ombi. Nilipofika kwenye hali ya mgonjwa sikufikiri hata kidogo. Nilipaka pale watu wanapoitikia salamu. Sijambo. Hatujambo. Wazima, alhamdulillah. Mtu akiulizwa hali, si hapo ndipo anapoijibu? Nilipaka mfano baada ya mfano, na sista ameinama begani kwangu akikubali kila mmoja.

“Imeweza, Mama,” akasema. “Hapo sasa.”

Zikafuata asubuhi tamu. Nilikuwa nikifika ofisini nakuta ujumbe wote umeshachambuliwa na skrini imejaa kijani. Hapa na pale manjano, mtu kaomba vidonge. Nyekundu hakuna. Sista alisema dua za Waislamu wa Lamu zina nguvu kuliko alivyodhani. Mimi nikasema ni kwa sababu tumewakataza halua. Tulifurahi, na sioni haya kusema tulifurahi. Nilianza kurudi nyumbani mapema, nikapika bila kuunguza, nikalala kidogo baada ya chakula, na watu wa nyumbani wakasema siku hizi nazungumza vizuri.

Kisha likaja jino. Niliamka nalo, gego la chini, shavu limefura mpaka jicho limekuwa dogo. Nikajifunga leso kichwani, nikauma karafuu, nikaenda kazini hivyo hivyo. Sista alinipokea mlangoni.

“Umeamkaje, Mama?”

“Sijambo, alhamdulillah,” nikamjibu. “Wewe jee? Na watu wa kwenu bara, wote wazima?” Akaniambia wazima. “Basi vyema. Ila mimi jino lataka kuniua. Sikulala.”

Alicheka mpaka akashika ukuta. “Sasa Mama, hujambo ama unakufa? Chagua moja!”

Nami nikacheka, kwa upande mmoja wa mdomo. Halafu kicheko kikaniisha. Nilijiona ndani ya skrini yangu mwenyewe. Lau ningekuwa mgonjwa wa kisiwa cha mbali nikaandika maneno yaleyale niliyoyatamka pale mlangoni, ile huduma ingelichukua sijambo na kuliacha jino. Ajenti angenipa kijani, niachwe nipumzike.

“Sista,” nikasema, “sisi hatuanzi na shida.”

Hakunielewa mara moja. Nikamweleza huku nikifungua kompyuta. Kwetu hata aliyefiwa, maiti haijatoka nyumbani, ukimuuliza hali atakwambia njema, atamshukuru Mungu, ndipo akueleze. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa huitikia salamu kwanza. Huo si uongo wala si kuficha, ni adabu tu, kila mtu anajua kwamba habari yenyewe inakuja nyuma yake. Kila mtu isipokuwa ile huduma, ambayo nilikuwa nimeifundisha iishie kwenye adabu na kurudi.

Ujumbe wenyewe ulikuwapo bado, mzima mzima, chini ya ile rangi. Nikaanza na wa asubuhi ile. Wa Faza: hawajambo, wanatusalimu, ila mzee kidonda cha mguuni kimeanza kunuka. Kijani. Wa Manda: salama salimini, mama presha ilimwangusha yana, yaani jana, lakini ameinuka. Kijani. Uliofuata ulitoka Kipungani, kwa jirani anayemtazama somo yangu.

“Asalam alaykum. Hatujambo alhamdulillah, sote wazima, twawasalimu sana. Baada ya salamu, bibi tangu yana hatii kitu kanwani. Dawa twampa kama mlivyosema. Jasho lamtoka, na akinena maneno hayashikani. Ndio hayo tu. Wasalaam.”

Kijani.

Sikumbuki nilivyoitafuta ile namba, nakumbuka tu kwamba jirani yule alipokea kwa furaha kubwa.

“Alo! Asalam alaykum! U hali gani, Bi? Wanawo hawajambo?”

“Somo yangu yuko vipi?”

Nilikuwa nimemkata mtu mzima salamu yake katikati, jambo ambalo pamoja na ukali wangu wote sikuwahi kulifanya maishani mwangu. Sikujali. Nilikuwa naogopa.

“Amelala tu,” akasema, sauti imepoa. “Twamwamsha, mato hayafungui sawasawa.”

Sista alikuwa amesoma ule ujumbe juu ya bega langu. Akaichukua simu mkononi mwangu.

“Dawa ya sukari amekunywa leo?”

“Amekunywa, Sista. Kila siku twampa, hatujamkosesha.”

“Na hajakula tangu jana?”

“Hajakula. Alikuwa na homa, hataki kitu.”

“Basi sikiliza vizuri. Anaweza kumeza? Sawa. Koroga sukari nyingi kwa maji, mkalishe, mpe kidogo kidogo. Sasa hivi.”

“Sukari?” Jirani alishtuka. “Sukari si ndiyo mliyomkataza nyinyi? Hata chai twamnywesha haina!”

“Tulimkataza, ndiyo. Lakini leo imeshuka sana mwilini. Dawa inashusha na chakula hakuna cha kupandisha. Leo hiyo sukari ndiyo dawa yake. Kimbia, Mama, na usikate simu.”

Tukasikia mlango, tukasikia wanawake wakiitana, tukasikia kijiko kikigonga kikombe. Mtu akasema bismillah. Nilikuwa nimeushika mkono wa gauni la sista kama mtoto, na jino langu sikujua liko upande gani. Jirani alirudi kwenye simu akihema.

“Amemeza,” akasema. “Ameza tena.”

Hatukungoja zaidi. Sista alikusanya vitu vyake, dripu na kile kipimo kidogo cha kidole, tukashuka gatini na kuingia kwenye boti ya zahanati. Nahodha alituonya tangu mwanzo kwamba maji yamekupwa na Kipungani hatatufikisha ukingoni. Na kweli, nyumba zilipoonekana boti ilianza kusugua chini, akazima mashine. Kati yetu na kijiji palikuwa pamebaki tope na maji ya magotini. Sista alianza kuvua viatu, ndipo tukawaona wanawake.

Walikuwa wameusikia mlio wa boti. Hawakungoja kitanda wala wanaume. Walikuwa wamekunja mkeka mara mbili, mmoja katika ile waliyoisuka wao wenyewe, kila mmoja ameshika ukingo kwa mikono miwili, na katikati yake amelala somo yangu. Walikuja majini hivyo, buibui wamezifunga viunoni. Kwa mbali sikuweza kuona kama anatikisika. Kisha upepo ukaleta sauti zao.

“Inua upande wako, mai yaingia!”

“Nimeinua! Wewe ndiwe mfupi!”

Watu waliobeba maiti hawagombani hivyo. Nililia pale pale kwenye boti, kwa furaha, mbele ya nahodha, na sikujipangusa.

Sista alimtoboa kidole kabla hata hatujamlaza vizuri. Kile kipimo kikasema sukari ingali chini, lakini si chini ya kutisha tena, ile waliyomnywesha ilikuwa imeanza kazi. Akamtafuta mshipa, akamtundikia dripu, nahodha akaishika juu kwa mkono wake. Baada ya muda somo alifungua macho. Alitutazama mmoja mmoja, kwangu mimi na shavu langu lililofura akakawia zaidi.

“U hali gani, Bibi?” sista akamuuliza.

Midomo ilitafuta maneno, ikayapata. “Sijambo, mwanangu, alhamdulillah. Wewe jee?”

Sista akanigeukia. Mimi nilipandwa na hasira na mapenzi kwa pamoja.

“Somo! Kwa haki ya Mungu, hujambo nini? Umeletwa kwa mkeka!”

“Sijamaliza,” akasema taratibu, kwa sauti ileile aliyonifunzia. “Kwanda humshukuru Mungu. Sasa sikiliza. Siwezi. Mwili hauna nguvu. Na ndaa yaniuma.”

Nahodha alikuwa na mkate wa mofa, ule mgumu wa mtama, aliojifungashia ale mwenyewe. Sista akakubali, akaukata vipande vidogo, nami nikamlisha kwa mkono wangu njia nzima hadi Amu. Alikula, akalalamika kwamba mkate mkavu. Sijawahi kufurahia lalamiko kama lile.

Siku hiyo hiyo tuliwapigia wote waliokuwa kijani, bila kuuliza ajenti. Mzee wa Faza aliletwa, kidonda kikasafishwa, na mguu wake uko pale pale ulipokuwa. Mama wa Manda alipimwa, akabadilishiwa vidonge. Wengine walikuwa na mambo madogo, na wengine walikuwa hawajambo kweli. Hatukumpoteza mtu. Kila simu ilipokwisha nilishusha pumzi, na jioni nilipong'olewa jino nilimwambia yule mng'oaji kwamba sina habari naye, ang'oe tu. Somo walimweka hospitalini mpaka sukari ikatulia, dawa zake zikapunguzwa, na jirani akafundishwa kwamba siku asiyokula, atupigie kabla ya kumpa kidonge.

Tuliifundisha upya ile huduma. Sista alitaka ikate salamu zote izitupe, nikamkatalia. Tukapaka rangi upya, mfano kwa mfano: salamu zibaki salamu, na hali ichukuliwe katika yanayofuata. Likabaki swali la wale wanaosalimu tu wakanyamaza. Je, wamemaliza, au wanaona haya? Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huwezi kumwandikia hivyo mtu wa heshima zake asubuhi na mapema. Nikakumbuka barua za zamani zilizokuwa zikisomwa nyumbani: salamu mstari baada ya mstari, kisha yule aliyeandika anasema baada ya salamu, na hapo ndipo wote waliokuwa wakisikiliza hunyamaza. Basi tukamwongezea ajenti kazi moja. Ujumbe ukiwa salamu tupu, asiupe rangi yoyote. Amwitikie mtu salamu yake, kama anavyostahiki, halafu amuulize: na baada ya salamu?

Watu walimpenda. Mmoja wa Faza aliuliza ni kijana wa ukoo gani huyu aliyelelewa vizuri. Mimi niliendelea kusoma ujumbe mwenyewe nyuma yake, haraka haraka, maana sista alisema mtu hawezi kuachia mashine mama za watu, na nilikuwa nimekwisha kukubaliana naye kabla hajamaliza kusema.

Somo alirudi Kipungani kwenye mikeka yake. Kwa muda jirani ndiye aliyemwandikia. Kisha asubuhi moja ujumbe ukaingia kutoka kwenye simu ya somo mwenyewe, ambayo alikuwa hajaishika tangu augue.

“Asalam alaykum. Sijambo, alhamdulillah.”

Basi, hakuna zaidi. Ajenti hakumpa rangi. Akamwandikia: “Wa alaykum salaam, Bibi. Tumefurahi kusikia. Na baada ya salamu?”

Nilikaa nikiitazama skrini. Jibu likakawia. Nikasimama, nikaketi, nikafungua dirisha, nikalifunga. Sista aliuliza nina nini nikamwambia sina kitu, anyamaze. Nikaishika simu yangu nimpigie, na kidole kilikuwa kimeshafika kwenye namba yake lilipoingia.

“Baada ya salamu ni salamu tu, mwanangu.”

Ajenti akampa kijani. Nikainuka, nikaenda kunywa chai.